Tiara za Google hazikuangushwa na upepo

Kila mtu akiandika kuhusu Makani, stori huwa fupi. Google walijaribu kuvuna stima kwa kurusha tiara angani, ikawa ndoto ya matajiri wa California, wakafunga Februari 2020, kwisha. Hata hapa Kenya kuna watu wa kurasa za teknolojia, tena wenye wafuasi wengi kunishinda, wanaoitaja kama mfano wa ujinga unaotokea pesa zikizidi. Mimi nabisha, na leo nina muda.

Hii kitu ina historia ya zaidi ya miaka 40. Ukiisoma kutoka mwanzo unaona kwamba upepo haukuwahi kuwa shida, na hesabu za nguvu yake ziliisha mamangu akiwa bado nasari. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: nani atashika kamba?

Turudi miaka ya sabini. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilifunga bomba la mafuta, bei ikapaa, na Marekani ikashikwa na hofu ambayo haikuwa imeizoea. Ghafla serikali ikawa inalipia mawazo ya kila aina: jua, mawimbi, mvuke, upepo. Katika maabara ya Lawrence Livermore kule California, mahali palipojulikana zaidi kwa mabomu ya nyuklia, kulikuwa na mhandisi anaitwa Miles Loyd. Yeye akaanza kufikiria tiara. Mwaka 1980 akachapisha makala katika jarida la Journal of Energy, na hiyo makala fupi ndiyo baba wa kila kitu nitakachoeleza hapa.

Wazo lake ni hili. Mtoto akirusha tiara ufuoni wakati wa kusi, tiara ikitulia juu sehemu moja, kamba inavuta kiasi. Lakini ikianza kukata upepo, yaani ikichapa mbio kutoka kushoto kwenda kulia, kamba inavuta mpaka inamkata vidole. Upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba tiara imejitengenezea upepo wake kwa kukimbia, na nguvu ya hewa kwenye bawa hupanda kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Loyd alionyesha kwamba bawa zuri, ambalo nguvu yake ya kuinua ni mara 10 ya ukinzani wake, linaweza kukimbia karibu mara 6 na nusu ya mwendo wa upepo wenyewe huku likizalisha umeme. Piga hesabu mwenyewe: mraba wake ni zaidi ya 40. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unakupa bawa linalokimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa, limefungwa kwa kamba.

Turbini za kawaida zinafanya hivyo hivyo, ila watu hawaangalii vizuri. Sehemu inayofanya kazi kubwa katika pangaboi la turbini ni ncha, kwa sababu ncha ndiyo inayokimbia. Yale mengine yote, yaani mnara, zege la msingi na sehemu nene ya pangaboi karibu na kitovu, kazi yake kubwa ni kuishikilia hiyo ncha mahali pake. Loyd ni kama alisema: tubaki na ncha, tutupe mnara, tuweke kamba. Na kwa kuwa kamba haigharimu kama chuma, unaweza kwenda juu zaidi, mita 300 au 400, ambako upepo kwa kawaida una nguvu na hautulii ovyo.

Kwa mfano wake alichukua bawa lenye ukubwa wa bawa la ndege ya kijeshi ya C-5A, mita za mraba 576. Katika upepo wa mita 10 kwa sekunde alipata megawati 6.7. Hiyo ni 1980! Turbini zilizokuwa zikiuzwa siku hizo zilikuwa za makumi ya kilowati.

Alitaja njia mbili za kuitoa hiyo nguvu. Ya kwanza, kamba imezungushwa kwenye winchi chini. Tiara inavuta, winchi inazunguka, jenereta inazalisha. Kamba ikifika mwisho unaitulia tiara, unairudisha kwa nguvu kidogo, unaanza tena, kama mtu anayevuta na kuachilia pampu ya kisima. Ya pili, unaweka rota ndogo juu ya bawa lenyewe, zinazungushwa na ule mwendo mkali, na stima inateremka kupitia waya ulio ndani ya kamba. Mpaka leo kampuni za hii kazi karibu zote zimegawanyika katika makabila hayo mawili.

Basi kwa nini hatukuwa na tiara za stima mwaka 1985? Kwanza, mafuta yalishuka bei na serikali ikafunga mfuko. Lakini hata mfuko ungebaki wazi, kulikuwa na jambo ambalo hesabu za Loyd zililichukulia kama limeshatatuliwa. Zilichukulia kwamba bawa linapaa vizuri.

Wasee, fikirieni. Turbini ikishindwa kujielewa inasimama. Mnara upo, kesho fundi anapanda na spana. Tiara ikishindwa kujielewa kwa sekunde mbili, iko chini, vipande. Haina mahali pa kusimama. Inakimbia mwendo wa gari la mashindano, kamba inaivuta kuelekea ardhini, upepo unabadilika kila dakika, na lazima ifanye hivyo usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, miaka 20, bila rubani. Rubani wa binadamu angechoka kabla ya chai ya saa nne. Mwaka 1980 hapakuwa na kompyuta ndogo ya kubeba juu ya bawa iliyoweza hiyo kazi, wala vihisi vya bei rahisi, wala GPS ya kuijulisha iko wapi. Simu unayosomea hii makala ina karibu vyote hivyo.

Na hapa ndipo stori inaingia sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina matajiri ndani. Ina watu wa hisabati.

Kuna tawi linaitwa udhibiti bora. Swali lake ni la kawaida kabisa: una kitu kinachosonga, una usukani, una mipaka ambayo huwezi kuvuka, je, ushike usukani vipi kutoka mwanzo mpaka mwisho ili upate matokeo mazuri kuliko yote? Hatua moja moja haitoshi, unatafuta njia nzima. Mzizi wake ni wa 1696, Johann Bernoulli alipowapa wanahisabati wa Ulaya fumbo la mteremko upi utamfikisha mpira chini haraka zaidi. Lakini umbo lake la kisasa lilitoka Moscow miaka ya hamsini, kwa Lev Pontryagin na wanafunzi wake. Pontryagin alikuwa kipofu. Stovu ya primus ilimlipukia akiwa na miaka 14, na mamake ndiye aliyekuwa akimsomea vitabu vya hisabati kwa sauti. Wahandisi wa jeshi la anga walipokuja na maswali kuhusu ndege na mbinu za kuziendesha, yeye na kundi lake walitoka na kanuni ambayo mpaka leo inafundishwa duniani kote. Mtu ambaye hakuwahi kuiona ndege ikigeuka tangu utotoni aliwafundisha wenye macho namna ya kuigeuza. Sijui kwa nini hakuna filamu kubwa kumhusu.

Sasa ichukue tiara uipeleke kwa hilo swali. Usukani ni pembe ya bawa na mwendo wa winchi. Mipaka ni mingi: kamba isizidishiwe mzigo, bawa lisivunjike, isishuke chini ya kimo fulani, kamba isijisokote. Unachotaka ni wastani wa stima kwa mzunguko mzima, pamoja na ile sehemu ya kurudisha kamba ambapo unakula stima badala ya kuzalisha. Na mwisho wa mzunguko lazima tiara iwe pale pale ilipoanzia, kwa mwendo ule ule, ili iweze kurudia. Kuna mitego kila mahali. Ukiikimbiza sana wakati wa kutoa kamba, unajikuta mahali pabaya wakati wa kurudisha. Ukipanda juu sana unapata upepo mzuri, lakini kamba inalala kwa pembe mbaya na urefu wake unaongeza ukinzani. Hakuna mhandisi anayeweza kuangalia hayo yote kwa jicho akasema njia bora ni hii.

Mjerumani mmoja, Moritz Diehl, aliweka tiara kwenye tasnifu yake ya udaktari kule Heidelberg mwaka 2001, kama mfano mgumu wa kujaribia mbinu zake za kompyuta. Baadaye yeye na Boris Houska wakaugeuza ule mfano kuwa kazi yenyewe. Wakaacha kompyuta itafute njia bora ya tiara inayozalisha umeme, na kompyuta ikawa inachora umbo la nane lililolala, likijirudia angani. Ukirusha tiara ya kuteleza majini pale Diani unalijua hilo umbo kwa mikono yako. Lina sababu: ukizunguka duara kwa upande mmoja tu, kamba inajisokota, nane inajifungua yenyewe. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hawakuishia kwenye njia yenye stima nyingi. Walitafuta pia njia ambazo tiara ikisukumwa kidogo na upepo inarudi yenyewe bila kusahihishwa, wakakubali kupoteza stima kiasi kwa ajili ya huo utulivu. Kwangu mimi huo ndio uhandisi hasa.

Bila shaka upepo wa kweli hausomi mpango wako. Kwa hiyo kompyuta haipangi mara moja ikalala. Inapanga sekunde chache mbele, inatekeleza kipande kidogo, inaangalia iko wapi, inapanga upya, tena na tena mara nyingi kwa sekunde. Kufanya hesabu hiyo kwa haraka kiasi hicho ilikuwa kazi ya miaka, Leuven kule Ubelgiji kisha Freiburg, na programu zilizotoka humo ziliachwa wazi kwa yeyote. Kundi hilo hilo likahesabu pia mpangilio wa ajabu: tiara mbili kwenye kamba moja kuu, zikizungukana ili ile kamba ndefu ikae karibu kimya na isikokote hewa bure. Kwenye karatasi inapendeza sana. Kuirusha ni habari nyingine.

Huku hayo yakiendelea, Uholanzi kulikuwa na Wubbo Ockels. Yeye alienda angani mwaka 1985 kwa chombo cha Challenger, Mholanzi wa kwanza, kisha akarudi duniani na kichwa kimejaa tiara. Miaka ya tisini alikuja na wazo la ngazi ya tiara nyingi kwenye kamba moja ndefu, na pale chuo kikuu cha Delft akakusanya vijana wa kulifanyia kazi. Ngazi yenyewe haikupanda. Ila vijana wale walijifunza kurusha tiara moja ya kitambaa kwa kompyuta, na mwaka 2016 ikazaliwa kampuni ya Kitepower. Ockels hakuiona, alifariki Mei 2014. Mwingine kutoka mitaa hiyo hiyo, Bas Lansdorp, alianzisha Ampyx Power mwaka 2008 na wenzake, kisha akaondoka na kuanzisha Mars One, ile iliyotaka kupeleka watu Mars wasirudi. Ampyx ikafilisika 2022. Sina la kuongeza hapo.

Haya, Makani sasa. Ilianzishwa 2006 na akina Saul Griffith, Don Montague na Corwin Hardham, watu waliojua kuteleza majini kwa tiara, na Google ikawawekea pesa mapema. Walianza na kitambaa, wakahamia bawa gumu lenye rota, ile njia ya pili ya Loyd. Rota zile zile zinazozalisha stima ndizo zinazoliinua bawa kama droni wakati wa kuondoka na kutua. Hardham alifariki ghafla Oktoba 2012 akiwa na miaka 38. Mei 2013 bawa lao dogo la kilowati 20 lilifanya mzunguko kamili bila rubani: kuondoka, kuzunguka, kutua. Mwaka huo Google ikainunua kampuni nzima.

Halafu wakaruka hatua. Kutoka kilowati 20 wakaenda moja kwa moja kwa M600, kilowati 600, bawa la mita 26 lenye rota 8. Nikilinganisha na kitu tunachokijua: turbini moja ya pale Loiyangalani ni kilowati 850, mapangaboi yake yanachora duara la mita 52, na inasimama kwenye mnara wa mita 44. M600 haikuwa na mnara wowote wa namna hiyo na uzito wake haukufika tani mbili. Walilirusha Hawaii, na Agosti 2019, wakishirikiana na Shell, wakalirusha kutoka jukwaa linaloelea baharini Norway. Moja ya safari hizo iliishia majini. Miezi sita baadaye Alphabet ikasema basi.

Sasa angalieni kilichofuata, kwa sababu wale wa stori fupi huwa hawafiki hapa. Septemba 2020 walichapisha karibu kila kitu: ripoti za mamia ya kurasa, programu za udhibiti, kumbukumbu za safari, vidio za ajali, na ahadi ya kutomshtaki mtu atakayetumia haki zao za uvumbuzi. Humo ndani wanakiri wazi kwamba M600 ilizalisha kidogo kuliko walivyotarajia, wanaeleza kwa nini, na wanachora bawa jipya ambalo lingerekebisha makosa. Nimezisoma sehemu kubwa, na haikuhitaji kitambulisho cha chuo, jambo linalonifurahisha mimi niliyekirudisha changu mapema. Mtu akisoma hizo kurasa halafu aseme fizikia ilikataa, hakuzisoma. Kilichokosekana ni saa za kuruka. Kampuni za turbini za kawaida, tangu Denmark ya miaka ya sabini, zilivunja mapangaboi kwa miongo kadhaa zikiwa ndogo, za wakulima, na kila moja iliyovunjika ikawa somo la bei nafuu. Makani walitaka kuvunja kubwa chache kwa haraka, chini ya mwenye mali anayetazama saa. Udhibiti haukomai hivyo, kwa sababu kompyuta inakosea pale tu hali ambayo hukuiwaza inapotokea, na hali hizo hukutani nazo ila kwa kuruka maelfu ya saa.

Huyo mwenye mali tunamjua hata sisi. Julai 2020 Loon, ndugu wa Makani kwa baba mmoja Alphabet, ilianza kutoa intaneti Kenya kwa maputo pamoja na Telkom. Maputo hayo nayo yalikuwa swali la udhibiti: hayana injini, yanapanda na kushuka kutafuta upepo unaoenda yanakotaka. Ilifanya kazi. Januari 2021 wakatangaza kufunga. Na kabla ya hapo, 2015, Google ilikuwa imekubali kununua hisa asilimia 12.5 za Lake Turkana Wind Power kutoka kwa Vestas, na mwanzoni mwa 2020 tukasikia mpango umevunjika kwa sababu laini ya umeme ilichelewa.

Hiyo laini ndiyo inanifanya niandike haya yote. Turbini 365, megawati 310, zilisafirishwa kutoka Mombasa zaidi ya kilomita 1,200, barabara ya kilomita 208 ikatengenezwa upya ili zipite. Zilikuwa tayari 2017. Laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaisha 2018. Wakati huo wote upepo ulivuma na stima haikwenda popote, na sehemu ya fidia ya ucheleweshaji ikaingizwa kwenye bei tunayolipa sisi. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema ardhi yenyewe haikutolewa kihalali. Na kwa miaka mingi mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti yenye mojawapo ya mashamba makubwa ya upepo Afrika, uliwashwa kwa jenereta za dizeli iliyoletwa kwa lori.

Kwa hiyo mtu akiniambia tiara ni ndoto ya wazungu, namuuliza dizeli ya Marsabit ilikuwa nini. Sisemi tiara ingeshinda zile turbini. Kwa megawati 310 turbini ndiyo jibu, na itabaki hivyo kwa muda mrefu. Ila kuna kazi nyingine kabisa, ya mji mdogo usio na laini, ambako mnara hauna barabara ya kupita. Kitepower mfumo wao, wa kilowati 100, unasafiri ndani ya kontena. Mwaka 2021 waliupeleka kisiwa cha Aruba na jeshi la Uholanzi, baadaye wakauhamishia Bangor Erris, pwani ya magharibi ya Ireland, mahali palipotengwa kwa majaribio ya tiara. Wajerumani wa SkySails, waliowahi kuivuta meli ya mizigo kwa tiara mwaka 2008, waliweka mtambo wao Mauritius mwishoni mwa 2021. Mauritius, wadau. Bahari ni hii hii yetu.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikia mahali pa kuiacha mashine ikaruka mwaka mzima bila mtu kuitazama. Nikipata mmoja wao wa kuhoji, hilo ndilo swali langu la kwanza: imeruka saa ngapi mfululizo, na mara ya mwisho ilipoanguka, kompyuta ilidhani inafanya nini?